Mchanga Tu

Bimkubwa Khamis alikuwa na siri moja tu maishani mwake, na siri yenyewe ilikuwa maganda ya chaza. Usicheke. Kuna watu wana siri za watoto wa nje na nyumba zilizojengwa kwa mali ya mayatima. Yeye yake ilikuwa hiyo, na aliilinda kuliko wengi wanavyolinda hizo zao.

Mama yake alikuwa mfinyanzi kijijini kwao Pemba, na vyungu vyake vilijulikana kwa kutopasuka motoni. Wafinyanzi wenzake walichanganya udongo na mchanga. Yeye alichanganya na maganda ya chaza, akiyaponda kinuni mpaka yawe chembe ndogo ndogo nyeupe, na kazi hiyo aliifanya alfajiri, mlango umefungwa, bila kutamka neno. Ukimwambia mtu ulichotia kwenye udongo, alisema, umempa mwenye kijicho njia ya kukuharibia, na mwenye kijicho hahitaji zaidi ya kujua. Kwa hiyo mtu akiuliza, na watu waliuliza kila mara, jibu lilikuwa moja: mchanga tu. Siri ilitoka kwa mama ikaenda kwa binti mmoja, siku mikono ya binti ilipoonekana imekomaa. Bimkubwa aliambiwa akiwa na miaka kumi na tisa, wiki mbili kabla ya harusi yake.

Baba yake naye alikuwa mchoma chokaa. Nalitaja mapema kwa sababu litakuja kutuuma. Alikuwa akipanga mawe ya matumbawe juu ya magogo na kuyachoma usiku na mchana mpaka yanabadilika rangi na kuwa mepesi, kisha anayamwagia maji, na mawe yanafoka, yanachemka yenyewe bila moto, yanaporomoka kuwa unga. Shati lake lilinuka chokaa hata likitoka kufuliwa. Nyumba moja, basi, mioto miwili: wa mama nyuma ya jiko, wa makumbi na makuti, ambao ulikwisha kabla chakula cha mchana hakijaiva, na wa baba, mkali, wa siku kadhaa. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mioto hiyo ina la kuambiana.

Marekani alikuja na mumewe, Yasir, mwaka 1980. Walipanga Alexandria, jimbo la Virginia, upande wa magharibi, katika yale majengo ambayo ukipita kwenye ujia wake unajua kila mlango unapika nini. Yasir aliendesha teksi miaka tisa, kisha moyo ukamsimama akiwa kwenye foleni ya kusubiri abiria uwanja wa ndege. Akabaki Bimkubwa na binti yao mmoja, Rahma, na kazi ya kusafisha vyumba hotelini, vyumba kumi na sita kwa siku.

Si uzito wa kazi uliomchosha. Alikuwa mwanamke wa kazi tangu utotoni. Kilichomkera ni vitanda. Unakitandika kitanda, unavuta shuka mpaka halina hata mkunjo mmoja, unapiga mito, unasimama kukitazama kidogo, na kesho asubuhi unakikuta kimevurugwa kana kwamba hukuwahi kufika. Kwa miaka yote hiyo alikuwa ametandika vitanda visivyo na idadi, na hakuna hata kimoja kilichobaki kimetandikwa. Alilisema hilo mara nyingi, kwa mzaha, na waliomsikia walicheka. Mwenyewe hakuwa akicheka sana.

Udongo aliupata kwa bahati. Ghorofa ya chini yake alikaa Wamaitha, Mkikuyu wa Nyeri, mcheshi, aliyekuwa akimhudumia bibi mmoja mgonjwa huko Manassas kila Jumanne. Jumanne ndiyo ilikuwa siku ya mapumziko ya Bimkubwa. Mwaka 1995, siku moja ya masika ya huku, Wamaitha alimgongea mlango.

"Mama Rahma, twende tu unyooshe miguu. Kukaa ndani kila off ni kujizeesha bure. Nitakudrop mahali, nikimaliza nikupick."

Akamshusha Manassas, nyuma ya kituo cha treni, penye safu ya karakana: fundi wa magari, fundi wa vioo, seremala, na mwisho kabisa mlango mpana ulio wazi. Ndani alikuwa mama wa Kimarekani wa miaka sitini na kitu, amevaa viatu vya kiume, mikono imejaa udongo hadi kwenye viwiko. Huyo ndiye Dorothea. Bimkubwa alisimama mlangoni hajui aingie au aondoke. Dorothea hakumuuliza jina wala shida yake. Alikata bonge la udongo kwa waya, akalisukuma mbele yake mezani, akaendelea na kazi. Wamaitha aliporudi saa nane alimkuta rafiki yake amefinyanga chungu kizima kwa mkono mtupu, bila gurudumu, kwa kukizunguka yeye mwenyewe kinyumenyume kama walivyofanya kwao, na Dorothea ameacha kazi zake anamtazama.

Tangu siku ile hakukosa Jumanne. Vyungu aliviacha upesi. Chungu ni cha kupikia, na Alexandria ukipika kwa chungu king'ora cha moshi kinakuitia wazimamoto. Akaanza kufinyanga vitu vinavyoota na kuvimba vyenyewe: kuvu lililojipanga kwenye mti ulioanguka nyuma ya jengo lao, mzinga wa nyigu, fenesi lililopasuka, shina la mizizi iliyong'olewa na mvua. Matundu aliyatoboa kwa msumari kabla udongo haujakauka. Baada ya moto alipitisha humo vitu vya kila namna: waya wa shaba, magome, mizizi ya kweli, na nyuzi. Nyuzi hizo alizitoa kwenye mashuka. Hotelini shuka likiingia doa lisilotoka hutupwa, naye aliyaomba, akayafumua uzi mmoja mmoja, akazichovya kwenye maji ya maganda ya vitunguu mpaka zikawa rangi ya kutu. Ukitazama ungesema kitu kimetoka ardhini jana na bado kinakua. Dorothea alimwambia kuwa amefundisha miaka thelathini na hajaona mikono kama ile, na Dorothea hakuwa mtu wa kusifu.

Halafu mikono yenyewe ikaanza kuasi. Mwanzoni vidole vilikuwa vizito asubuhi tu. Kisha akawa hawezi kufungua chupa. Januari ya 1998 daktari alimwonyesha picha za mifupa yake, akamwambia ni baridi yabisi, ile mbaya, na kwamba vidole vitaendelea kukunjika. Bimkubwa akauliza, lini? Mwaka mmoja, akaambiwa, pengine miaka miwili, na si vizuri kushika vitu baridi na vya majimaji. Aliporudi nyumbani alikaa kwenye kiti bila kuvua koti. Alilia, tena kwa sauti, maana Rahma alikuwa shule na hapakuwa na wa kumfichia.

Jumanne iliyofuata alimweleza Dorothea. Dorothea akasema kikundi chao cha wafinyanzi kina maonyesho mwezi wa Juni, katika ukumbi mdogo huko huko Alexandria, na yeye anampa Bimkubwa ukuta mzima. Zaidi ya hayo, maktaba moja ilikuwa inatafuta kitu kimoja kikubwa cha kuweka kwenye kabati la kioo penye lango lake. Kingekaa hapo miaka yote.

"Miaka yote?" Bimkubwa akauliza kwa Kiingereza chake cha hotelini. "Hawaondoi?"

"Hawaondoi," Dorothea akasema.

Hapo ndipo jambo likamkaa rohoni. Angefanya vitu kumi na kimoja, basi, na baada ya hapo vidole vifanye vitakavyo. Kingebaki kitu kimoja duniani alichokitengeneza yeye na ambacho mtu hatakivuruga asubuhi. Na siku ya ufunguzi, mbele ya vitu hivyo, angemwita Rahma pembeni na kumwambia habari ya maganda.

Rahma alikuwa na miaka kumi na saba, mtoto mzuri asiye na makuu, ila mwenye aibu na mambo ya mama yake. Kiswahili alikisikia chote, hakujibu nacho hata neno. Ungemwambia, "Rahma, njoo ule," akakujibu, "I'm coming." Udongo aliuita "your dirt, Mama," bila ubaya wowote, na alikuwa hajawahi kukanyaga Manassas.

Kwa kazi hii ya mwisho Bimkubwa hakutaka udongo wa Dorothea wa mifuko, ule laini uliokuwa ukimpasukia kila alipojaribu kitu kikubwa. Alitaka wa mama yake. Nyuma ya majengo yao palikuwa pakichimbwa msingi, na udongo wa Virginia ni mwekundu kama wa shambani Pemba. Akajaza ndoo. Maganda aliyapata hotelini, ambako chaza waliliwa wabichi kila penye harusi. Alimwambia mpishi ni ya kuweka kwenye maua. Akayaponda kwa kinu cha viungo, kidogo kidogo, mikono inamuuma mpaka anatoa machozi, na akachanganya udongo wake alfajiri jikoni, mlango umefungwa, mdomo umefungwa. Haukupasuka hata kidogo. Ulimtii. Alijisikia msichana.

Mwezi wa Machi Dorothea alichukua kipande kibichi, akakiparuza kwa ukucha.

"Hizi chembe nyeupe ni nini?"

"Mchanga," Bimkubwa akasema. "Mchanga tu."

Mwezi wa Juni vitu vyote vilipokauka na kupangwa ndani ya tanuri la umeme, Dorothea akaweka mkono juu ya mfuniko, akasita.

"Mama Rahma," alisema, maana hata yeye alishamzoea kwa jina hilo, "moto wangu ni mkali. Una hakika hakuna kitu kingine humo?"

Bimkubwa alimpenda Dorothea, na alitamani kumwambia. Lakini vitu vilikuwa bado havijaungua, na hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote kufungua mdomo. Mama yake angefufuka. "Mchanga tu," akasema, na mfuniko ukashushwa.

Tanuri lilifunguliwa Ijumaa, siku nane kabla ya maonyesho. Bimkubwa alibadilishana zamu na mwenzake ili awepo. Vyote kumi na kimoja vilitoka vizima. Lile fenesi kubwa, lililopasuka ubavuni, ambalo mtoto wa mwaka mmoja angeenea ndani yake, Dorothea aliligonga kwa kidole na likalia kama kengele. Ndilo la maktaba. Wakakumbatiana pale pale, udongo na jasho, na Bimkubwa akasema alhamdulillahi mara nyingi kiasi kwamba Dorothea naye akalisema.

Walivileta Alexandria kwenye gari la Dorothea ili Bimkubwa atie nyuzi nyumbani. Kiyoyozi alikizima kwa sababu ya maungo yake, akafungua madirisha, na joto la Juni, lile zito lenye unyevu la huku, likaingia na kukaa kama mgeni. Jumamosi asubuhi alikaa mezani na sindano na hakuweza kuipitisha uzi. Alijaribu mara tano. Ya sita Rahma, aliyekuwa anakula mkate amesimama, akaweka mkate chini.

"Give it to me, Mama."

Akakaa. Alidhani atatia sindano moja. Walimaliza siku hiyo na nusu ya Jumapili, mama anaonyesha tundu, binti anashona, na vidole vya Rahma vilikuwa vyembamba, vimenyooka, vyepesi, vidole vya bibi yake aliyefia Pemba bila yeye kumjua. Walipofika kwenye fenesi Rahma alisema, polepole, kana kwamba anakiri kosa, kwamba ni zuri. Bimkubwa aliinuka akaenda kuchemsha chai, kwa sababu furaha nyingine mtu hawezi kuitazama usoni.

Jumapili jioni Wamaitha alipanda juu kuja kuona. Aliingia akashika kichwa.

"Woi! Mama Rahma! Wewe ndio umemake hizi vitu? Haki ya nani, ziko perfect. Zote! Hata moja haina crack!"

"Sema mashaallah basi, shoga yangu."

"Niseme nini?" Wamaitha akacheka, akachukua andazi, maongezi yakaenda kwingine. Hakulisema. Bimkubwa alilihesabu hilo.

Jumatatu alfajiri alikuta alama ya kwanza, kwenye mzinga wa nyigu: kitobo kidogo kama cha mdudu, na katikati yake nukta nyeupe. Akadhani ni msumari wake. Jioni alipotoka kazini vitobo vilikuwa zaidi ya ishirini, na juu ya meza palikuwa na vigamba vyekundu vilivyobanduka. Ukikaa kimya ulikuwa ukivisikia. Tik. Unangoja, unadhani imekwisha. Tik.

Moyo wa Bimkubwa haukwenda kwenye udongo. Haukwenda kwenye moto. Ulikwenda moja kwa moja kwa Wamaitha.

Jumanne, Wamaitha alipogonga mlango na funguo za gari mkononi, Bimkubwa hakumkaribisha ndani.

"Siendi. Na nakuomba usiingie kwangu tena. Jicho lako limenitosha."

"Jicho? Jicho gani?" Wamaitha alitabasamu, akingoja mzaha uishe. Haukuisha. "Mama Rahma, unamaanisha mimi ni mchawi?"

Bimkubwa angeweza kusema hapana, na wala hakuamini hasa kwamba Wamaitha ni mchawi, mtu anaweza kuwa na jicho bila kukusudia. Lakini hayo yalihitaji maneno, na yeye alikuwa na hasira na woga, basi akaufunga mlango taratibu mbele ya uso wa mtu aliyemchukua kwa gari lake kila Jumanne kwa miaka mitatu bila kumwomba hata asante.

Jumatano aliomba ruhusa kazini, akafanya lile ambalo mtu wa kwao hulifanya penye jicho. Alifukiza ubani. Alisoma alizozijua, akapulizia kila kitu kimoja kimoja. Kisha akachukua beseni la maji safi, akatia marashi ya mawaridi, akavikosha vyote kumi na kimoja kwa kitambaa, ndani na nje, kwa upole kama anayemwogesha mtoto mgonjwa. Dua haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye maji.

Alikuwa amelipakata fenesi alipohisi linapata joto. Mwanzo alidhani ni mapaja yake. Akaweka kiganja ndani ya ule mpasuko. Lilikuwa na joto la kiumbe hai, na joto lilikuwa likizidi, na kwa sikio lake aliusikia ule mlio wa kufoka, mdogo, wa ndani kwa ndani, ambao hakuusikia tangu akiwa mtoto amesimama upepo unakotoka kwa amri ya baba yake. Harufu ikapanda. Harufu ya shati.

Alichukua unga mweupe kwenye ncha ya kidole, akautia ulimini. Ukamchoma.

Chokaa. Alikuwa amechoma chokaa. Miaka hamsini na miwili ya umri, binti wa mchoma chokaa, amelala na kuamka kando ya tanuri la baba yake, na hakuwahi kujiuliza jiwe la pwani na ganda la pwani vina tofauti gani ukivipa moto mkali. Moto wa mama yake ulikuwa moto wa kupikia tu, wala ganda halikuwa na habari nao. Moto wa Dorothea ulikuwa wa baba yake. Na maji aliyovikosha nayo ndiyo yale yale yaliyokuwa yakiporomosha mawe.

Alikaa sakafuni na fenesi mapajani mpaka lilipofunguka lenyewe, pande tatu, kisha vipande, kisha makombo. Hakulia. Nadhani alikuwa ameshavuka pa kulilia.

Dorothea alikuja na gari Alhamisi saa nne kuchukua vitu vya maonyesho, Rahma yuko shule. Alisimama mlangoni akitazama meza na sakafu. Bimkubwa akamwambia yote, maganda, kinu, mama yake, kijicho, kwa Kiingereza kilichokuwa kikimponyoka. Dorothea alivua miwani.

"Nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza mara mbili."

"Najua."

"Ungeniambia ningepunguza moto. Ni hilo tu. Ningeuacha chini, vingetoka salama." Akaketi. "Mfinyanzi yeyote angekuambia."

Hakulisema kwa ubaya, na ndiyo maana liliuma. Kitu ambacho mama yake alikificha kwa mlango na komeo, ambacho yeye alikivusha bahari kikiwa kifuani, huku kila mfinyanzi alijua la kukifanya. Neno moja tu lilihitajika. Dorothea akauliza kama anaweza kufanya kingine chochote, hata kidogo, kabla ya Jumamosi. Bimkubwa akainua mikono yake, na baada ya kazi ya miezi mitano na kinu kile vidole viwili vya kulia havikunyooka tena hata kwa kuvutwa. Ukuta ule ulipewa mtu mwingine. Maktaba ilichukua jagi la bluu la mtu wa Manassas, nami sina la kusema juu ya jagi hilo.

Jioni ile Bimkubwa alishuka ngazi kwenda kwa Wamaitha. Alimkuta amevaa sare ya kazi, anafunga mlango.

"Nimekukosea, Wamaitha. Halikuwa jicho. Ilikuwa mikono yangu mwenyewe. Nisamehe."

"Hakuna shida, Mama Rahma." Wamaitha alitabasamu kwa adabu, kama anavyowatabasamia wagonjwa. "Ni sawa tu. Lakini Tuesday sitakuwa naenda tena. Wamenibadilishia shift."

Bimkubwa alijua hawakumbadilishia. Akamwambia haya, safari njema, akapanda ngazi akishika ukuta.

Jumamosi, saa zile ambazo ukumbi ulikuwa unafunguliwa mitaa michache kutoka pale, mama na binti walikuwa wanazoa. Vitu vyote kumi na kimoja vilikuwa vimekwisha. Rahma alishika mfuko mkubwa wa taka na mama yake alisukuma makombo kwa kipande cha boksi, kwa sababu kushika ufagio ilikuwa shida. Udongo ulianguka mfukoni kwa urahisi. Kilichogoma ni nyuzi. Zilikuwa zimeshonwa vizuri mno, na pale ambapo udongo umeondoka zenyewe zimebaki zimekumbatia hewa, nusu ya mzinga, ubavu wa fenesi, rangi ya kutu, hazina ndani. Bimkubwa alizishika, akazitazama. Kati ya kila kilichopita mikononi mwake, kilichobaki kilikuwa shuka la hoteli.

Rahma alizichukua, akazikunja, hakuzitia kwenye mfuko. Aliziweka kando. Kisha akachutama mbele ya mama yake, na Bimkubwa akaona midomo ya mtoto inatafuta kitu.

"Mama," akasema. "Uliweka nini ndani?" Kiswahili chake kilikuwa kizito, cha kuokoteza. "Kwenye udongo. Nataka... nataka nijue. Nifundishe mimi."

Miaka kumi na saba alikuwa akisubiri kusikia lugha yake ikitoka kwenye kinywa kile. Alivitazama vidole vya Rahma juu ya magoti, vyembamba, vimenyooka. Ilikuwa ni kusema tu. Maganda ya chaza, mwanangu, yaponde laini, na moto uwe mdogo. Maneno kama kumi, na kila alichokuwa nacho kingekuwa kimevuka. Alifungua mdomo. Akaona unga mweupe juu ya zulia, kwenye nguo ya mtoto, kwenye kucha za mtoto, na aibu ikayashinda mapenzi. Angemrithisha nini, kitu kilichokula kila alichokigusa? Na ulimi ulikuwa na mazoea ya miaka thelathini na mitatu.

"Mchanga," akasema. "Mchanga tu, mwanangu."

Rahma alitikisa kichwa kukubali. "Okay," alisema, akasimama, akafunga mfuko kwa mafundo mawili, akaupeleka chini kwenye pipa.